Halbadiri ya Kisugu

Old Kampala
Jumanne, 3 Septemba 2024

Lanyero mwanangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba Halbadiri ni jina la jini. Wengine husema ni kitabu cheusi kinachofungiwa sandukuni, na yupo fundi viatu mmoja hapa mtaani aliyewahi kuniapia kuwa ni mnyama mwenye kwato. Jana Mwanawetu alipokuja kufungua duka lake la vitambaa hapa jirani, aliniandikia kwenye kipande cha karatasi: "Lanyero anaomba umsomee ILE KITU." Hata kuliandika neno lenyewe aliogopa. Nikajua kuwa nawe, niliyekufundisha kusoma tangu ukiwa na meno ya mbele yaliyong'oka, umo katika msafara wa fundi viatu.

Basi kaa, nikueleze. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ahli Badri, na maana yake ni watu wa Badri. Hakuna zaidi ya hapo. Badri ni mahali penye visima, kati ya Makka na Madina. Mwaka wa pili wa Hijra, katika mwezi wa Ramadhani, Mtume na wafuasi wake walipigana hapo na jeshi lililowazidi kama mara tatu. Wapokezi wa habari wanatuambia walikuwa watu mia tatu na kumi na tatu hivi, ngamia sabini na farasi wawili. Wewe uliyekuwa bingwa wa hesabu za kugawanya, piga mwenyewe uone walivyopokezana kupanda.

Majina yao yakahifadhiwa. Baadaye sana watu wakaanza kuyataja katika dua, kama mtu anayebisha mlango mkubwa huku akitaja jamaa anaowafahamu ndani: Ewe Mola, kwa heshima ya fulani na fulani, tulinde. Walisomewa wasafiri, wakasomewa wagonjwa. Wako mashekhe wanaolikataa jambo hili kabisa, na wako wanaoliruhusu, na mimi sikuiti kwenye ugomvi wao. Ninachokuambia ni kwamba ilianza kuwa dua ya kujikinga. Kisha ikafika kwetu, na mtu fulani aliyeibiwa akasema: ikiwa majina haya yanaweza kukinga, basi yanaweza pia kupiga. Akaigeuza dua kama mtu anayeshika jembe upande wa chuma na kulimia mpini. Tangu siku hiyo watu wa Badri, ambao hawajapata kufika Kampala, wamefanywa polisi wa mtaa.

Kwa hiyo sitasoma. Lakini nataka kujua umeibiwa nini, na unaendeleaje. Usinipigie simu. Ninayo, inatetemeka mfukoni kama panzi, ila masikio yangu yamestaafu na herufi zake ni ndogo kuliko chawa. Tangu nyonga yangu ilipovunjika mwezi wa tatu, dunia yangu ni kiti na dirisha. Mwanawetu hulala huko Kisugu na kushinda hapa, kwa hiyo tumepata posta.

Baba yako wa kalamu,
Sadiq bin Hemedi


Kisugu
Jumatano, 4 Septemba 2024

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama wima, kama darasani. Usiisahihishe hii kwa kalamu nyekundu. Kiswahili cha Kisugu kimeniharibu.

Nimeibiwa kichwa cha cherehani. Meza na pedeli wameniachia, kama mtu aliyekula samaki akakubakizia miiba. Ni ile aliyoninunulia marehemu mume wangu Sebit aliporudi likizo kutoka jeshini. Tangu afariki nilikuwa nikiikanyaga nasikia kama yumo chumbani, ananiuliza chai. Shule zinafunguliwa tarehe kumi na sita, nami nina sare thelathini na mbili zimekatwa, hazijashonwa hata moja. Wakiuliza wazazi nitawavisha watoto vipande?

Sasa sikiliza ua wetu ulivyo, maana mwizi hakuruka ukuta, ukuta una vigae vya chupa. Milango ni minne. Mmoja wangu. Wa pili wa Mzee Erinayo, aliyekuwa askari jela, ambaye bado anafunga hata bafu kwa kufuli. Wa tatu wa Atoo, binti wa kwetu kaskazini, mumewe yuko barabarani na lori la Juba. Wa nne hauna mtu tangu Juni. Atoo ndiye mwenzangu. Mimba yake ina miezi minane, miguu imemvimba mpaka anavaa ndara za mumewe, anatembea kama bata aliyeshiba. Namcheka, ananicheka, siku inapita.

Na nikuambie jambo la kuchekesha. Tangu Jumapili watu wana adabu ya ajabu. Erinayo, ambaye hajanisalimia tangu uhuru, jana amenibebea maji mpaka mlangoni.

Mwalimu, najua umekataa. Lakini marehemu baba, Sajini Obwona, alikuwa akituambia, "Mwalimu Sadiq akisoma, hata mbwa wa Old Kampala hunyamaza." Kama mia tatu na kumi na tatu ni wengi, soma nusu. Soma hata wale wenye farasi peke yao.

Mtoto wako mkaidi,
Lanyero


Old Kampala
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Lanyero mwanangu,

Wale wenye farasi peke yao! Nilicheka mpaka nyonga ikanikumbusha umri wangu. Mwanawetu alikuja mbio akidhani nimeanguka.

Kwanza tumalize shida ya sare. Mwanawetu ana cherehani nyuma ya duka anayoitumia siku za Idi tu. Amekubali uichukue mpaka mwisho wa mwezi. Alisema niandike kwamba sindano ununue mwenyewe. Nimeandika.

La pili, kwa kuwa umewazoea watu wa Badri mpaka unawachagua kama nyanya sokoni, nikuongezee habari yao moja. Vita vilipokwisha walikuwa na mateka. Wapokezi wanasema kwamba mateka aliyejua kusoma na kuandika alipewa sharti hili: fundisha watoto kumi wa Madina, kisha uende zako nyumbani. Mimi nimefundisha miaka arobaini na mmoja, na kila nilipochoka nilijiambia kuwa huenda nami ni mateka ninayelipa watoto wangu kumi. Ndiyo maana jina la watu hao likitajwa mimi huona ubao na chaki. Watu wengine wakilisikia huona mwizi anavimba tumbo.

Hilo la kuvimba ulijue asili yake. Mjini hapa, kila wiki ya Mungu, yuko mtu anayevimba: mwenye figo, mwenye moyo, mwenye maji ya ini. Hakuna anayemwangalia. Lakini Halbadiri ikishatajwa, ua mzima hugeuka kutafuta nani amevimba, na hawamkosi. Hivyo ndivyo neno linavyopata meno. Nina sababu ya kulijua jambo hili kwa karibu, ila siiweki katika barua ya leo.

Sasa nikuulize kama mwalimu. Umesema adabu ya watu ilianza Jumapili. Mwanawetu aliniletea ombi lako Jumatatu. Ua wako uliingiwa na adabu kabla mimi sijaombwa kitu. Kuna hatua imerukwa katika hesabu hii. Nionyeshe kazi yako.

Wako mwenye subira,
Sadiq


Kisugu
Jumapili, 8 Septemba 2024, alasiri

Mwalimu,

Cherehani imefika, sare kumi na moja zimekwisha. Mungu akubariki wewe na Mwanawetu.

Hatua iliyorukwa ni hii. Jumapili ile, nilipokuta meza tupu, nilisimama katikati ya ua nikapaza sauti: "Mimi ni mtoto wa Mwalimu Sadiq wa Old Kampala! Ameshanisomea Halbadiri leo alfajiri! Aliyechukua, asubiri tumbo!" Nilisema ili kumtisha mwizi arudishe. Kesho yake ndipo nikakutumia ombi, ili uongo wangu uwe kweli kabla haujagunduliwa. Nilikuficha kwa aibu.

Hakuna aliyerudisha kitu. Lakini Alhamisi Atoo aliamka uso umevimba, macho yamebaki mistari. Mikono imevimba, pete ya ndoa imemzama kidoleni. Anasema kichwa kinampasuka na anaona vimulimuli mchana. Wanawake wa bombani walikuja wakachungulia kama wanaotazama maiti. Mmoja akasema kwa sauti, "Si mnaona? Imepata mtu wake." Erinayo amehamisha kiti chake mbali na mlango wa Atoo.

Nilimwambia, "Mdogo wangu, twende hospitali." Akanijibu, "Dada, hospitali watatibu nini? Hii si ya sindano. Nikienda, watu watasema nimekimbia na hatia yangu. Acha nife kwangu."

Sasa naomba nikuulize, na usinikasirikie. Mwalimu, je, ulisoma? Ulinikatalia kwenye karatasi, lakini wewe ni mtu wa kufanya mema bila kusema. Ulinilipia ada miaka miwili baba akiwa mgonjwa na tulikuja kujua baada ya mazishi. Kama ulisoma kwa kunipenda ukanificha, nakuomba uirudishe. Yasome majina kutoka mwisho kuja mwanzo, au vyovyote inavyorudishwa. Kichwa cha cherehani sikitaki tena. Namtaka Atoo na vichekesho vyake.

Lanyero


Old Kampala
Jumatatu, 9 Septemba 2024, saa tatu asubuhi

Lanyero,

Sikusoma. Sikusoma hata jina moja, si kwa siri wala kwa dhahiri. Hakuna kitu cha kurudisha kwa sababu hakuna kilichotumwa.

Mwanawetu amesimama hapa na funguo za duka mkononi, hajafungua. Nimemwambia ampigie simu binti yangu Umulkheir, ambaye unajua ni mkunga. Amemsomea barua yako. Jibu la Umulkheir Mwanawetu ameliandika, nami nalinakili: uso kuvimba, kichwa kuuma na kuona vimulimuli katika mimba ya miezi minane ni dalili za presha ya mimba. Ikiachwa huleta kifafa cha mimba, nacho huua mama na mtoto. Hospitali wana dawa yake. Asingoje hata saa moja.

Fanya hivi. Simama pale pale katikati ya ua uliposema uongo, useme kweli kwa sauti ile ile. Utaona aibu. Aibu haivimbishi mtu. Kisha mchukue Atoo.

Nami sikukasirikii. Umeniuliza kama ningefanya jambo kwa kukupenda na kulificha, na hilo ni kweli kunihusu. Ila jambo hili silo.

Mwanawetu anarudi na barua hii sasa hivi.

Sadiq


Kisugu
Jumatatu, saa sita mchana

Mwalimu,

Nimefanya. Nilisimama, nikasema: "Nilidanganya. Hakuna Halbadiri iliyosomwa. Mwalimu hakuwa anajua hata kama nimeibiwa." Erinayo akapiga makofi polepole akasema, "Hee! Sasa umeogopa uganga wako mwenyewe?" Wanawake wa bombani wakacheka. Mmoja akaongeza, "Amemwonea huruma mwizi wake, bambi, maskini wee." Hakuna aliyesadiki. Uongo wangu waliupokea mara moja, na ukweli wangu wanataka mashahidi.

Atoo amejifungia ndani kwa komeo. Nimeketi chini kwenye mlango wake, naandikia juu ya paja. Tumeongea hivi, nakuandikia kama tulivyosema:

"Atoo, fungua. Haikusomwa."

"Dada, unasema hivyo unitoe nje."

"Naapa kwa kaburi la Sebit."

Halafu akasema, "Dada, ni mkasi."

"Mkasi gani?"

"Ule wa mpini mwekundu. Mwaka jana. Niliuazima wakati hupo, ukanipotelea sokoni Nakawa, nikaona aibu kukuambia. Cherehani sijui iko wapi, Mungu ananiona. Lakini hao watu wa Mwalimu ni wengi, watajuaje kama wametumwa cherehani na si mkasi? Wamenipata kwa mkasi."

Mwalimu, nilikuwa nimeshausahau huo mkasi. Nimemwambia nimemsamehe tangu kabla sijajua. Anasema msamaha wangu hautoshi, aliyesoma si mimi. Anataka maneno ya mkono wako. Anasema, "Mwalimu aniandikie mimi mwenyewe, si wewe." Erinayo ameleta nyundo avunje komeo, lakini kila akikaribia mlango Atoo anapiga kelele, nami naogopa kumshtua. Sauti yake imeanza kuwa nzito. Mwanawetu yuko hapa na gari la jirani, anakuja kwako sasa, atarudi nalo.

Andika haraka. Chini ya mlango kuna nafasi ya kupita karatasi.

Lanyero


Old Kampala
Jumatatu, 9 Septemba 2024, saa saba na robo

Kwa Atoo, Kisugu

Binti yangu,

Jina langu ni Sadiq bin Hemedi. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua leo macho yako hayaoni vizuri. Hatujaonana, lakini nimezisoma habari zako kwa Lanyero, na katika barua zake wewe ndiwe unayemchekesha.

Umetaka maneno ya mkono wangu. Haya ndiyo. Sikukusomea Halbadiri. Sikumsomea mtu yeyote wa ua huo. Lanyero aliongopa akiwa na uchungu, na uongo hauna nguvu ya kumvimbisha mtu.

Najua utasema ninaficha. Basi nikupe jambo ambalo sijamwambia mke wangu, Mungu amrehemu, wala Lanyero. Nilisoma mara moja katika maisha yangu. Nilikuwa kijana, nina sauti nzuri, na nilipenda kusifiwa. Marobota ya vitambaa yalipotea dukani kwa kaka yangu, nikaombwa, nikasoma majina yote mbele ya watu, ubani ukifuka. Wiki ile ile mpagazi wetu aliyeitwa Shafiq akaanza kuvimba miguu. Watu wakaacha kumsalimia. Nami niliacha. Alijifungia chumbani kwake, akakataa kwenda hospitali, akasema dua haitibiwi kwa vidonge. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikanyanyua mkono nibishe, nikaushusha, nikarudi. Nilidhani kusoma kwangu kumefaulu, na kwa siku moja au mbili nilijivuna. Siku ya kumi na saba tulimzika. Ndugu yake alikuja baadaye na maneno ya daktari aliyepata kumtibu mwaka uliotangulia: ni figo, na alikuwa ameambiwa arudi.

Vitambaa havikuonekana. Mpaka leo sijui kama Shafiq alivichukua, na nimeacha kutaka kujua. Ninachojua ni kwamba wale watu wa Badri hawakumfanya kitu. Tuliomfanya kitu ni sisi, tuliomwacha nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo sijasoma tena. Hiyo ndiyo sababu niliyomnyima Lanyero, na sasa ataijua kwa kupitia kwako.

Kuhusu mkasi. Lanyero amekusamehe, na mkasi ni wake, kwa hiyo msamaha ni wake, hauhitaji sahihi yangu. Lakini kama unaitaka, iko hapo chini. Ningekuwa nakudai mimi ningekusamehe pia, kwa sharti kwamba siku moja ulete mtoto wako nimfundishe alifu na be. Bado nina nafasi ya mtoto mmoja.

Watu wa uani wakisema umekimbia na hatia yako, waseme. Kama ulichukua cherehani, unahitaji daktari. Kama hukuichukua, unahitaji daktari. Mtoto aliye tumboni hajaiba chochote, naye ndiye anayengoja.

Binti yangu Umulkheir ameniagiza nikuambie kwamba amewaona wengi waliovimba kama wewe, na waliowahi hospitali wamerudi nyumbani wakiwa wamebeba mtoto. Lanyero ameketi nje ya mlango wako tangu asubuhi. Gari liko barabarani. Ninyi wawili hamna ugomvi wa kumalizwa leo, mtaumaliza wodini.

Ninaweka sahihi yangu kuwa yote niliyoandika ni kweli.

Sadiq bin Hemedi
Mwalimu, Old Kampala

Fungua mlango, Atoo, uende hospitali leo.